Mpira mweupe umesimama wapi? Filamu nne za pool, na ipi uanze nayo

Filamu ya pool ikifika kwenye mechi, macho ya kila mtu hufuata mpira unaokimbilia shimoni. Jaribu kinyume chake. Huo uache uende zake, macho yabaki kwa mweupe, ule unaopigwa kwa fimbo: umegonga upande gani, umeelekea wapi, umesimama wapi. Picha ikibadilika, angalia kama pigo linalofuata linaanzia hapo hapo uliposimama. Filamu nyingi za mchezo huu huanguka mtihani huo ndani ya dakika tano, na hizi nne zinazolinganishwa hapa zinapishana sana kwa namna zinavyoufanya.

Uvivu wa watengenezaji ni sehemu tu ya sababu. Pool ina shida ambayo ndondi na kandanda hazina: kadiri mchezaji anavyokuwa fundi, ndivyo mapigo yake yanavyoonekana mepesi. Fundi hana haja ya pigo gumu, kwa kuwa ameshauweka mweupe mahali ambapo pigo linalofuata hata mtoto angelipiga. Anauzamisha mpira wa nne huku akili yake iko kwa wa sita. Asiyejua akimtazama huona mtu anazunguka meza, anainama, anagonga kidogo, anazunguka tena. Anayeruka mipira miwili au kuzungusha mpira kingo tatu mara nyingi ni yule aliyeharibu pigo lililotangulia, na sasa anajinasua. Mwongozaji anataka watu washike vinywa, basi humpa shujaa wake mapigo ya mtu aliyekwama kisha anatuambia huyu ndiye bingwa. Wacheza pool waliokaa mbele ya skrini wanaguna.

Ili mtihani wa mweupe ukufae, shika mambo machache ya meza. Mweupe ukigonga mpira mwingine kwa ubavu huku ungali unateleza, haujaanza kubiringika, huondoka kwa pembe mraba na njia ya mpira uliogongwa: nyuzi 90, kama kona ya daftari. Ukiwa umeshabiringika kwa kawaida yake, na mgongano si mnene sana wala si mwembamba sana, hupinda kama nyuzi 30 tu kutoka kwenye njia uliyojia. Ukigonga uso kwa uso yapo matatu: uliofika ukiteleza husimama papo hapo, uliopigwa juu hufuata mbele, uliopigwa chini hurudi. Na ncha ya fimbo haina uhuru wa kwenda popote. Mpira wa pool una kipenyo cha milimita 57. Ukiupiga zaidi ya milimita 14 hivi kutoka kitovuni, ngozi ya fimbo inateleza na mweupe unakwenda kombo. Kwa hiyo ukimwona mwigizaji ameupiga mpira juu, halafu kwenye picha ya karibu mweupe unarudi nyuma, ujue umeonyeshwa mapigo mawili tofauti yaliyoshonwa yakawa moja.

Kwa nini wanashona? Kila tukio hurudiwa mara nyingi, na kila likirudiwa mipira yote inatakiwa irudi ilipokuwa, kwa milimita. Wapiga mapigo ya maonyesho hutumia viduara vidogo vya karatasi chini ya mpira ili ukae pale pale kila mara, lakini mbele ya kamera viduara hivyo huonekana. Njia nyepesi ni kupiga picha uso wa mwigizaji, kisha mkono wake, kisha kumwita fundi apige pigo lenyewe wakati kamera imebanwa karibu na shimo. Mpira unaingia, kila mtu anafurahi. Kilichopotea ni mweupe, maana haumo tena ndani ya picha, na mweupe ndio mchezo.

Mwili nao unasema. Mkono wa nyuma, kutoka kiwikoni kushuka, hutakiwa uning'inie kama timazi na kubembea mbele na nyuma, bega likiwa limetulia. Aliyejifunza wiki tatu husukuma kwa bega zima, na kichwa kinainuka kabla mpira haujafika. Tazama pia chaki. Mchezaji huipapasa juu ya ngozi kama anayepaka rangi, akizunguka kingo zote. Mwigizaji huikandamiza na kuizungusha kama anatoboa ubao: katikati ya chaki kunabaki shimo, na kingo za ngozi, ambazo ndizo hugusa mpira mtu anapotaka uzunguke, hazipati kitu. Kisha nguvu. Kwenye filamu kila pigo ni radi. Shimo la kona kwenye meza ya mashindano lina mdomo wa sentimita 11 na nusu hivi, mipira miwili tu ikae bega kwa bega, na kadiri mpira unavyokwenda kasi ndivyo mdomo huo unavyozidi kuwa mwembamba: ukigusa taya tu unatapikwa. Anayepiga radi mchana kutwa hamalizi meza.

Jambo la mwisho kabla ya filamu zenyewe. Aliyezoea meza ndogo za baa za Dar es Salaam au Nairobi anajua mchezo wa mipira minane: zenye rangi nzima, zenye mistari, nyeusi mwisho. Filamu mbili kubwa kuliko zote za pool zimejengwa juu ya michezo mingine kabisa, na meza zake ni za futi tisa, uwanja wa sentimita 254 kwa 127. Usipojua hilo mapema, nusu ya kwanza utaimaliza ukijiuliza nani anaongoza.

| Filamu | Mchezo | Meza inaonekana? | Inamfaa nani |
|---|---|---|---|
| The Hustler (1961) | 14.1, kila mpira pointi moja | Vizuri kuliko zote | Anayetaka kuiona pool yenyewe |
| The Color of Money (1986) | Mipira tisa | Nusu nusu | Anayetaka kasi, na hila za kubeti |
| Poolhall Junkies (2002) | Mapigo ya maonyesho kwa wingi | Kwa vipande | Kundi la marafiki, kelele na vicheko |
| The Rack Pack (2016) | Snuka | Kidogo | Anayependa watu kuliko meza |

The Hustler

Hii ni ya Robert Rossen, imetokana na riwaya ya Walter Tevis, na Paul Newman anacheza Eddie Felson, kijana anayekwenda New York kumtafuta Minnesota Fats ambaye hajashindwa kwa miaka. Mchezo wao ni 14.1, ambao zamani hizo ndio uliokuwa mchezo wa ubingwa Marekani. Kanuni zake unaweza kumweleza mtu kwa pumzi moja. Mipira 15, kila mmoja pointi moja, unapiga wowote unaotaka lakini lazima utaje mpira na shimo kabla hujapiga. Ukibaki mmoja mezani, 14 hupangwa upya kwenye pembetatu, na huo uliobaki unautumia kuingiza na kupasua wakati mmoja. Unaendelea hadi ukose. Kwenye filamu wanacheza hadi 125.

Ukikaa ukafikiri, huo ndio mchezo uliofaa kuliko yote kwa filamu ile. Picha ni nyeusi na nyeupe. Kwenye mipira tisa ungepotea, maana lazima utambue namba na rangi, lakini kwenye 14.1 rangi haina kazi, mpira ni mpira. Skrini ni pana, zaidi ya mara mbili ya kimo chake, na meza ya pool ni mara mbili ya upana wake, kwa hiyo meza nzima inalala ndani ya picha bila kukatwa miguu. Na kwa kuwa mchezaji hutaja shimo kwa sauti, mtazamaji anajua kabla ya pigo kitu gani kinatakiwa kitokee. Mpigapicha Eugen Schüfftan alipata Oscar kwa kazi hiyo, nayo ni haki yake.

Lililoiokoa zaidi ni Jackie Gleason, aliyemwigiza Fats. Gleason alikuwa mchekeshaji, lakini pia alikuwa mchezaji mzuri wa pool miaka mingi kabla ya filamu. Kwa hiyo kamera haikulazimika kukimbia. Inasimama mbali, unamwona mtu mzima mnene, suti yake safi, ua kwenye kola, anainama, mkono unabembea, mpira unaingia, mweupe unakwenda kusimama, naye ameshaanza kutembea kwenda pigo jingine kabla mweupe haujatulia. Hatua hizo mbili za kutangulia zinasema zaidi ya hotuba yoyote. Anayejua meza huanza kutembea mapema kwa sababu anajua mweupe utasimama wapi.

Mshauri alikuwa Willie Mosconi, bingwa wa dunia mara 15 kati ya 1941 na 1957, mtu aliyewahi kuingiza mipira 526 mfululizo bila kukosa mwaka 1954 huko Springfield, Ohio. Anaonekana mwenyewe kwa muda mfupi, ndiye ashikaye dau. Yeye ndiye aliyemfundisha Newman, na sehemu kubwa ya mapigo Newman anapiga mwenyewe. Pigo la kusimamisha fimbo wima na kuufanya mweupe upinde kama upinde ni mkono wa Mosconi. Newman ukimkazia macho utaona ugumu kidogo begani, jambo ambalo Gleason hana hata chembe. Kwa bahati hilo linaifaa hadithi: Eddie ni kijana mwenye papara, Fats ni fundi aliyetulia.

Wapi inakwama? Hesabu ya pointi haieleweki. Unajua nani anashinda kwa kutazama fedha na nyuso tu. Baadaye, Louisville, Eddie anacheza na tajiri mmoja kwenye meza isiyo na mashimo kabisa, mipira mitatu tu, na filamu haijisumbui kukueleza. Ujue mwenyewe: pale pointi hupatikana mweupe wako unapogusa mipira mingine yote miwili. Tena sehemu ya katikati ya dakika zake 134 ni ya mapenzi, pombe na majuto, meza inafunikwa. Aliyekuja kwa ajili ya pool ataanza kupiga miayo. Avumilie, kwa sababu anayemtazama Eddie akirudi kwa Fats bila kupita njia hiyo haoni kwa nini mkono uleule sasa unapiga tofauti.

Kichekesho cha pembeni: baada ya filamu kutoka, mchezaji mmoja wa kubeti aitwaye Rudolf Wanderone alijitangaza kwamba yeye ndiye Minnesota Fats wa kweli. Tevis alikana. Jina likamganda hata hivyo, na mwaka 1978 alipokutana na Mosconi kwenye televisheni, Mosconi alimshinda.

The Color of Money

Miaka 25 baadaye Newman anarudi kama Eddie yule yule, sasa mwenye mvi, amemwokota kijana Vincent, yaani Tom Cruise. Mwongozaji ni Martin Scorsese. Newman alipata Oscar ya mwigizaji bora kwa filamu hii, na kwa upande wa uigizaji hakuna cha kubisha. Kwa upande wa meza kuna mengi.

Mchezo umebadilika kuwa mipira tisa. Namba 1 hadi 9. Lazima mweupe uguse kwanza ile yenye namba ndogo kuliko zote zilizobaki mezani. Atakayeingiza ya tisa kihalali ameshinda, hata kama ya kwanza bado ipo. Mchezo ni mfupi, una bahati ndani yake, unafaa kubeti. Unafaa pia mwongozaji mwenye haraka, na hapo ndipo shida inapoanzia. Kamera ya Michael Ballhaus inazunguka meza, inapaa, inashuka hadi usawa wa kitambaa, vumbi la chaki linaruka kama moshi wa bunduki. Ni picha tamu. Lakini fanya mtihani wa mweupe kwenye tukio lile maarufu Cruise anapocheza dansi huku akizungusha fimbo kama upanga. Utaona nywele zake, fimbo yake, meno yake. Mweupe utauona kwa kudokoa tu. Mipira inaingia mfululizo kwa nguvu ile ile, na hakuna hata mara moja unayopata nafasi ya kuuliza "sasa huu wa sita ataufikiaje?" Swali hilo ndilo lenye raha ya mchezo, na limefagiliwa.

Ajabu ni kwamba Cruise alikuwa amejifunza kweli. Mshauri alikuwa Mike Sigel, bingwa wa pool, na karibu mapigo yote ni ya Cruise mwenyewe. Linalotajwa siku zote kuwa si lake ni la kuruka mipira miwili, alilolipiga Sigel kwa kuwa kumfundisha kungekula muda wa kazi. Yaani walikuwa na mwigizaji anayeweza, na bado wakamkatakata kama asiyeweza. Hapo ndipo filamu ya 1961 inapoishinda ya 1986 wazi wazi: ile ilimwamini mchezaji wake ikaacha kamera imesimama.

Ila kuna jambo moja ambalo hii inalijua kuliko zote, nalo ni hila. Mjanja wa meza haishi kwa kushinda. Anaishi kwa kushindwa vizuri. Vincent hataki kuelewa hilo. Kila akipata meza anataka ajulikane ni nani, na wakishamjua hakuna wa kuweka fedha dhidi yake. Eddie anamwamuru ashindwe na mchezaji aitwaye Grady Seasons, ili watakapofika mashindano ya Atlantic City watu wabeti kinyume chake kwa uwiano mnono. Tukio hilo lina ukweli wa kuuma, maana kukosa kwa makusudi ni kazi ngumu kuliko kuingiza. Ukikosa kwa sentimita kumi kila mtu anajua. Mjanja hukosa kwa taya: mpira unacheza mdomoni mwa shimo, unasita, unabaki pale pale, watu wanampa pole. Wacheza mipira minane wanaijua faida yake: mpira wako uliobaki mdomoni umeziba shimo, na mwenzako hapitishi kitu. Umeonekana mwenye bahati mbaya na umempa mwenzako meza mbovu, vyote kwa pigo moja.

Ukitaka kuona hila yenyewe ikifanya kazi, subiri Forest Whitaker, yule yule ambaye baadaye alimwigiza Idi Amin nchini Uganda. Hapa ni kijana mnene, mpole, anayeongea ovyo na kuuliza maswali ya kipuuzi, na Eddie mzee, bingwa wa hila, anaingia mtegoni miguu yote miwili. Tukio ni fupi na halina pigo hata moja la kushangaza. Ndilo bora katika filamu nzima.

Faida nyingine ni watu wa kweli waliojaa humo. Steve Mizerak, aliyeshinda US Open ya 14.1 mara nne mfululizo kuanzia 1970 hadi 1973, yumo. Grady Seasons ni Keith McCready, mchezaji halisi mwenye mkono wa ajabu: kiwiko chake hakining'inii kama timazi, kinatoka nje na mkono unabembea kando ya mwili. Kila kitabu cha mafunzo kingekukataza, na mpira unaingia. Mwigizaji hawezi kubuni kitu kama hicho. Kuhusu fimbo inayosifiwa ndani ya filamu kuwa Balabushka, yaani kazi ya fundi wa jina hilo, iliyotumika kwenye kamera ilitengenezwa na kampuni ya Joss kwa mfano wake. Fimbo halisi za George Balabushka, aliyefariki 1975, ni mali ya kufungiwa kabatini.

Tahadhari kwa anayependa matokeo: mechi kati ya mzee na kijana hutaiona ikiisha. Filamu inakatika pigo la kufungua linapopigwa. Wapo walioizima runinga kwa hasira.

Poolhall Junkies

Hapa hakuna haja ya kukaa sana. Mars Callahan ameiongoza na kuiigiza yeye mwenyewe, amezungukwa na majina makubwa: Chazz Palminteri, Christopher Walken, Rod Steiger. Mike Massey, bingwa wa mapigo ya maonyesho, naye yumo. Walken ana hotuba kuhusu simba ambayo watu hukariri, na kweli inachekesha.

Kimeza, ni mfano kamili wa ugonjwa uliotajwa mwanzoni. Pigo la maonyesho hupangwa: mipira inawekwa ikigusana, mahali maalumu, na ikishawekwa sawasawa nusu ya kazi imeisha. Kwenye mechi mipira haikai hivyo. Filamu inayaleta mapigo hayo katikati ya dau kana kwamba ndiyo njia ya kushinda, na hakuna anayecheza kinga. Hilo la kinga ni pengo kubwa, si kwa filamu hii peke yake. Kwenye mipira tisa, mchezaji asiyeona njia huuficha mweupe nyuma ya mpira mwingine; mpinzani akishindwa kugusa namba ndogo ni kosa, na aliyekosewa anashika mweupe kwa mkono na kuuweka atakapo. Mechi nyingi huamuliwa hapo. Nani aonyeshe kinga kwenye filamu, wakati hakuna mpira unaoingia? Basi shujaa anarusha mabomu. Ukiitazama na kundi, mkiwa na vinywaji, mtacheka. Kujifunza, hapana.

The Rack Pack, na jioni moja ya 1985

Hii ni ya BBC, kuhusu snuka na si pool: Alex Higgins, bingwa wa dunia wa 1972 na 1982, mlevi mwenye kipaji, dhidi ya Steve Davis aliyechukua taji hilo mara sita katika miaka ya themanini. Luke Treadaway anamwigiza Higgins vizuri mno, miguu haitulii, kichwa kinainuka katikati ya pigo kama Higgins mwenyewe. Ndiyo, kuinua kichwa, kosa lile lile la waigizaji. Lakini Higgins alilifanya kweli, kwa hiyo hapa ni usahihi. Meza inaonekana kidogo. Filamu inajua haiwezi kushindana na kumbukumbu za televisheni ambazo kila Mwingereza wa umri fulani anazo, ikaamua kusimulia watu: nani alipata meneja, nani alikosa.

Na kumbukumbu hizo ndizo zinazowanyima udhuru watengenezaji wanaosema mchezo huu haupendezi bila kukatwakatwa. Fainali ya dunia ya snuka ya 1985, ukumbi wa Crucible, Sheffield: Davis anaongoza fremu 8 kwa 0 (fremu ni mchezo mmoja ndani ya mechi), Dennis Taylor anarudi polepole hadi 17 kwa 17, na fremu ya mwisho inachukua dakika 68. Hakuna muziki. Hakuna kamera inayozunguka. Picha kubwa ni ya juu nyuma ya meza, imetulia, inaonyesha mipira yote. Watu milioni 18 na nusu Uingereza walikuwa bado macho usiku wa manane umepita, wakitazama mpira mmoja mweusi ukikoswa, ukikoswa tena, hadi Taylor akauingiza. Hakuwahi kuongoza mechi hiyo hata mara moja kabla ya mpira ule. Kilichowaweka macho ni kwamba waliona kila kitu: walijua mweupe umesimama wapi, kwa hiyo walijua hofu ya anayeinama.

Uchague vipi

Kama hujawahi kushika fimbo na unataka kuelewa kwa nini watu hupoteza usiku kucha mezani, anza na The Hustler, na umweleze aliye nawe kanuni za 14.1 kabla ya kuanza. Ikiwa rangi nyeusi na nyeupe inawafukuza wenzako sebuleni, weka The Color of Money, lakini itazame kama filamu ya fedha na kiburi; ya meza utaiona kwa Whitaker na McCready. Anayecheza tayari, mwenye meza mtaani kwake, atapata zaidi kwa mechi nzima iliyorekodiwa kuliko kwa filamu yoyote, na The Rack Pack iwe kionjo cha kumfahamisha wale watu ni nani. Poolhall Junkies ibaki ya Jumamosi.

Na kama una dakika kumi tu, usizigawe kwa mapigo makubwa. Chukua tano za mwanzo wa mechi ya kwanza ya Fats, umhesabie mara ngapi ameanza kutembea kabla mweupe haujasimama. Tano zilizobaki mpe McCready: simamisha picha anapoinama, pima kwa kidole kiwiko chake kilivyotoka nje ya mstari wa fimbo, kisha iachie iendelee.